Malkia ni nani hasa?



Mwezi huu nataka tuongee juu ya neno moja tu: malkia. Kila mtu analijua. Sisi Wakongo tunawapa binti zetu jina la Reine kwa Kifaransa, na ukiita Mama Reine pale kwenye bomba la maji watageuka watu wanne. Lakini ukiuliza malkia ni nani, utajibiwa upesi: ni mke wa mfalme. Jibu hilo halitoshi, na ni huku Burundi nimeona kwamba halitoshi.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, malik ni mfalme na malika ni mfalme wa kike. Kiswahili kikalichukua na kuwavika wanawake wote wa ikulu kama kitenge kimoja. Elizabeth wa Uingereza tulimwita malkia, naye alitawala mwenyewe tangu 1952 hadi alipokufa 2022. Camilla naye tunamwita malkia, kumbe huyo ni mke tu, anayetawala ni mume wake Charles. Hata katika Biblia ni hivyo hivyo. Malkia wa Sheba alikuja kwa Sulemani akiwa na nchi yake, lakini Esta aliipata heshima kwa kuolewa. Kisha kuna malkia wa nyuki, ambaye watu wanadhani anaamuru mzinga mzima, na kazi yake kubwa ni kutaga mayai!

Sasa njoo kwa Warundi. Kuna bibi mmoja mzee wa kilima cha jirani, ninakwenda kwake kulima maharage. Siku moja nikamwambia kwamba Kiswahili tuna malkia. Akacheka, akauliza, "Yupi?" Kwake neno moja haliwezi kubeba watu wote hao. Umwamikazi ni mwanamke wa mwami. (Wakongo wakisikia "kazi" mwishoni wanafikiri ni kazi ya kulima. Hapana, ni alama ya mwanamke tu.) Umugabekazi ni mama wa mwami, na huyo ana uzito wake wa peke yake. Umuganwakazi ni mwanamke wa ukoo wa Baganwa, watoto na wajukuu wa wafalme. Halafu kuna Mukakaryenda, maana yake mke wa Karyenda. Na Karyenda si mtu, ni ngoma! Ilikuwa ngoma takatifu ya ufalme, ikawekewa mwanamke wa kuitunza. Mtu asishangae, maana kwa Kirundi ingoma ni ngoma na ni utawala pia.

Si maneno matupu, yana watu ndani yake. Mwami Mutaga alipokufa 1915, mtoto wake Mwambutsa alikuwa bado mdogo sana, hajui lolote. Ririkumutima, mke wa marehemu babu yake Mwezi Gisabo, ndiye alikuwa na nguvu katika ikulu, tena tangu wakati wa Mutaga, mpaka alipokufa 1917. Tena ni wakati wa Wajerumani na wa vita. Rwanda vilevile, Kanjogera alimpindua mfalme huko Rucunshu 1896 akamweka mwanawe Musinga. Uganda, Baganda wanaita mama wa Kabaka Namasole na mke wake Nnabagereka, na huwezi kuwachanganya hata kidogo. Huku Burundi ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini maneno hayakufutwa, yapo mdomoni mwa wazee.

Kwa nini ninawachosha na mambo ya ikulu? Ni kwa sababu ya jirani yangu.

Mume wake alirudi Kongo kutafuta habari za shamba lao, hakuonekana tena. Mama akabaki na watoto watano. Baada ya muda mrefu karatasi ya familia ikaandikwa kwa jina lake yeye. Tangu siku hiyo baadhi ya wanaume wanamwita malkia. Akifika bombani, "Muache malkia apite kwanza!" Akikataa kuuza mafuta ya chakula apate pesa ya pombe ya shemeji, eti malkia amekataa. Mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka kumi na mitatu, alianza naye kumjibu mama vibaya, kwa sababu amesikia wakubwa. Mama akaniambia anataka kurudisha karatasi iandikwe jina la shemeji, apate amani.

Mimi nilimwambia asifanye hivyo. Shemeji ana familia yake na kiu yake. Nikamweleza habari ya umugabekazi. Alikuwa na uzito kwa sababu ya mtoto, na mtoto akiwa mdogo, kuna mwanamke aliyebaki macho usiku. Nyinyi wanaume mnaomcheka mnatumia neno msilolijua. Mnafikiri malkia ni mtu anayekaa tu kwenye kiti na kuhudumiwa. Huyu anaamka saa kumi alfajiri.

Kijana wake nilimwita pembeni nikamwuliza kama anajua kwa Kirundi mama wa mwami anaitwaje. Hakujua, ingawa anasoma Kirundi shuleni kutushinda sisi wote. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Basi mwami ni mimi?" Nikamjibu, "Bado. Kwanza kachote maji."

Karatasi ingali na jina la mama mpaka leo. Shemeji hajafurahi.

Mama mmoja Mbembe ameahidi kuniletea neno la kwao, na Wafuliru wawili wanabishana bado juu ya lao. Nikiyapata nitawaandikia.