Oldupai Kabla ya Nyumba Mpya

Makumbusho ya zamani ya Korongo la Oldupai yalikuwa nyumba ndogo mno. Mtafiti Mary Leakey aliyaanzisha mwishoni mwa miaka ya sabini, na hata baada ya kuongezwa sehemu ya nyayo za Laetoli katika miaka ya tisini, darasa moja halikuenea humo. Sisi walimu tuliotoka Karatu na wanafunzi wetu tuliwaingiza kwa zamu: hawa ndani wakitazama mifupa na zana za mawe, wale nje wakingoja. Waliongoja nje ndio waliopata zaidi.

Nje, kwenye ukingo wa korongo, palikuwa na banda la nyasi, na chini ya banda alisimama mzee mmoja mwongozaji wa wageni. Hakuwa na kipaza sauti wala picha. Alinyoosha fimbo kuelekea chini, karibu mita 90, akaanza na lava nyeusi iliyo sakafuni mwa korongo, akapanda tabaka baada ya tabaka hadi kwenye udongo mwekundu. Watoto walipanda naye kwa macho. Akifika tarehe 17 Julai 1959, sauti ilishuka. Louis Leakey alikuwa amelala hemani na homa, mkewe Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechungulia mteremkoni, kisha meno. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75.

Mwaka mmoja mvulana wa darasa la sita, mtoto wa wafugaji, alimwuliza, "Babu, hao watu walikuwa wananywa maji wapi?" Ukame ulikuwa umewabana wafugaji mwaka ule na swali lilitoka moyoni. Mzee alifurahi mpaka akakaa chini. "Hapa unapopaona pakavu, mjukuu wangu, palikuwa na ziwa." Akatuonyesha udongo wa mfinyanzi ulioachwa na maji, akaeleza kwamba wanyama walifuata maji, watu wakafuata wanyama, na ndiyo maana mifupa mingine ya pale ina alama za kukatwa kwa mawe. Tulichelewa kurudi. Sijawahi kufundisha somo la historia likaingia vile.

Nyumba mpya ya makumbusho ilifunguliwa Oktoba 2017 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, baada ya kujengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Ni nyumba nzuri, na ilihitajika. Mvua na vumbi la nyanda zile si mchezo, na vitu vya thamani namna ile havikustahili kubanwa katika vyumba viwili vitatu. Leo mtoto anaweza kusimama mbele ya Homo habilis na zana za Oldupai bila kusukumwa na mwenzake, na kuzifuata hatua za binadamu kwa mpangilio. Fuvu halisi la Zinjanthropus limebaki Dar es Salaam, kwenye Makumbusho ya Taifa, lakini hata nakala, ikionyeshwa vizuri, inafundisha.

Kinachoniuma ni kwamba nyumba imechukua nafasi ya ukingo. Magari ya watalii yana haraka ya Serengeti. Zamani nyumba ilimalizika upesi, muda wote uliosalia ukawa wa korongo na wa maswali. Sasa muda unaishia ndani, na nimewaona wageni wakipiga picha moja ya bonde, migongo imeligeukia, kisha wakapanda magari. Watoto wa shule nao huandika maelezo ya ukutani kwenye madaftari, wakimaliza wanaitwa kwenye basi. Hakuna aliyeuliza habari za maji.

Wanaopanga majengo ya namna hii wana mfano ulio karibu, huko Laetoli, takriban kilomita 45 kusini. Nyayo zilizogunduliwa pale mwaka 1978, zenye umri wa miaka milioni 3.6, zilifukiwa baada ya uchimbaji. Mbegu za migunga zikaota katika udongo ule uliofukia, mizizi ikatishia kuzipasua. Wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale na wa taasisi ya Getty ya Marekani wakaing'oa katika miaka ya tisini, wakazifunika upya kwa uangalifu na kupanga mawe juu. Halafu mwaka 2011 sehemu ya nyayo ikafunuliwa mbele ya Rais Kikwete, likaja wazo la kujenga makumbusho palepale. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipochimba mashimo ya kupima eneo la ujenzi, waligundua nyayo nyingine ambazo hakuna aliyejua kama zipo. Habari zake zilichapishwa mwaka 2016. Huwa nawaza: msingi ungechimbwa kwa pupa, tungezivunja na wala tusingejua tumevunja nini.

Na kuna majirani. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Kimaasai zimeondoka eneo hili na kuhamia Msomera, Handeni. Mabishano ya uhamisho ule ni marefu kuliko makala hii, ila jambo moja ni la makumbusho kabisa: kila familia inayoondoka inaondoka na majina ya vijito, habari za ukame wa zamani na jicho la mchungaji anayejua jiwe gani limesogea. Ukuta, hata ukijaa maandishi, haujibu mtoto anapouliza.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa Oldupai warudishe mazungumzo ya ukingoni yawe sehemu ya lazima ya ziara ya kila shule, kwa Kiswahili, na wawalipe vizuri wenye kuyaendesha, wakiwemo wazee wa vijiji vya pale. Waliobaki wakijua kusimulia warekodiwe mwaka huu. Nawe mwalimu unayepanga safari, fikeni mapema, waketishe watoto mbele ya korongo kwanza, na uwaache waulize maswali yao yote kabla ya kuwaingiza ndani.