Tulipopewa jina la ugonjwa wa mwanetu

Hapa Rubwera, wilayani Kyerwa, mzazi anajua kumuuguza mtoto wa malaria. Ugonjwa wa kijana wangu wa kwanza ulitukuta hatujui pa kushika, kwa sababu ulikuja na sura ya baraka.

Alikuwa kidato cha tatu, amerudi likizo ya Juni, kahawa inavunwa. Alifanya kazi kuwapita watu wazima wote wa nyumbani. Alianika kahawa mchana, usiku akapalilia migomba kwa mbalamwezi, alfajiri akanigongea mlango: "Tata, nimeshapiga hesabu. Tukipitisha mzigo mpakani Murongo, mwaka huu tunanunua Fuso mbili." Nilimshukuru Mungu kwa mtoto mwenye bidii. Mama yake ndiye aliyeuliza, "Baba, huyu mtoto analala saa ngapi?"

Haukupita muda akauza mbuzi wa bibi yake, akagawa sare zake za shule gulioni, na mzee wa kanisa aliyemsihi akatukanwa mbele za watu. Kisha akazimika. Alijilaza ameelekea ukutani, haogi, haongei. Senene wa Novemba, ambao tangu utotoni alikuwa akiwagombania na wadogo zake, walipoa kwenye sahani.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Malaria imepanda kichwani. Bangi. Mizimu ya ukoo inadai haki yake. Jirani tunayegombania naye mpaka wa shamba. Ndugu zangu walitaka mganga, mke wangu alitaka maombi ya kufunga, nami nilitaka hospitali. Nasema kweli, ugomvi wetu wa usiku ulituchosha kuliko ugonjwa wenyewe, maana kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayemchelewesha mtoto kupona.

Kituo kimoja cha afya kilimwona akiwa kitandani tu, kikampa dawa za sonona peke yake. Mara akarudia kutolala, na usiku mmoja tukamkuta barabarani akienda mpakani kwa miguu. Baadaye tulielezwa kwamba dawa hizo, zikitolewa peke yake kwa mwenye ugonjwa huu, zinaweza kumpandisha.

Tukauza kahawa butura. Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa uchungu wake: kahawa ingali mtini, bei anapanga mwenye fedha. Kwa fedha hiyo tulipita Omurushaka, Kyaka na Bukoba hadi Mwanza, hospitali ya Bugando. Daktari wa magonjwa ya akili alimpima malaria, VVU na tezi ya shingo, akamuuliza habari za bangi. Kisha akatugeukia sisi. "Wazee wangu, kwenye koo zenu kuna aliyewahi kuwa hivi?" Mke wangu alinyamaza. Nikamtaja shangazi yangu, aliyekuwa akifungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba kila alipoanza kuimba usiku kucha, na ambaye hadi leo ukoo haumtaji.

Daktari akasema ni baipola. Alitueleza kwamba hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Hujulikana kwa historia ya mgonjwa, na kwa vijana ni kazi ngumu kwa kuwa ujana nao una vurugu zake. Kwa hiyo atataka kumwona tena na tena. Akasema pia kwamba kwa sehemu hurithiwa, na kwamba si jirani wala malezi yetu yaliyouleta.

Nilidhani jina lingetupumzisha. Mke wangu alilia kama aliyefiwa. "Kumbe hata ile furaha yake ilikuwa ugonjwa?" Nadhani hilo ndilo swali zito kuliko yote kwa mzazi: katika mtoto huyu, kipi ni chake na kipi ni cha ugonjwa? Daktari hakulipuuza. "Hapana, mama. Kupenda kazi ni kwake. Ugonjwa ni kufanya kazi siku tatu bila kulala na bila kuchoka." Akatuagiza tununue daftari, tuandike kila siku kijana amelala saa ngapi na ameamka saa ngapi.

Daftari hilo ndilo lililotupatanisha. Mke wangu anaandika, mimi nasoma. Usingizi ukianza kupungua mfululizo, hakuna tena wa kubishana kuhusu mizimu. Tunaondoka naye kwenda kliniki kabla hajaanza kugawa vitu.

Dawa aliyopewa ni kabamazepini, si lithiamu. Lithiamu, iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1949, inadai kupimwa damu mara kwa mara, na kwa mtu wa Kyerwa hilo ni gumu. Duka la dawa walituuliza kwa sauti, "Mtoto ana kifafa?" Habari ikafika kijijini kabla yetu. Ilibidi tueleze nyumba kwa nyumba kwamba dawa moja hutibu kifafa na pia hutuliza hisia.

Kuna kipindi alisema hataki kuishi. Tulihamisha kamba na dawa za kunyunyizia shambani, tukazipeleka kwa shemeji yangu, na tukalala naye chumba kimoja kwa zamu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kifungu hicho kifutwe. Kinamfanya mzazi amfiche mtoto pale anapohitaji daktari kuliko siku nyingine zote.

Kijana alirudia kidato cha tatu, akamaliza cha nne. Huugua bado, ila kwa muda mfupi. Mchungaji wetu akija kumwombea humuuliza kwanza kama amekunywa dawa.

Mzazi mwenzangu wa Kyerwa au Karagwe, mwanao akikesha na haonyeshi kuchoka, au akijifungia na kuacha kula, mpeleke hospitali ya wilaya, umwulizie mratibu wa afya ya akili. Waeleze nyakati zote mbili, wa kupanda na wa kushuka, hata kama siku hiyo wanauona mmoja tu.