Maneno Niliyomfutia Bibi

Mara ya pili nilipoitazama filamu ya Atanarjuat, niliyafunika kwa khanga maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya kioo. Nilitaka kuisikia lugha yenyewe. Sikuambulia maana ya neno hata moja, ila nilizitambua sauti: mzee anayekanya, mwanamke anayetania, watu wanaocheka kabla mwenzao hajamaliza kusema. Hawakuwa wakiigiza lugha. Walikuwa nyumbani mwake.

Mwongozaji wake, Zacharias Kunuk, alizaliwa mwaka 1957 na kukulia Igloolik, katika Nunavut ya leo, kaskazini mwa Kanada. Alikuwa mchongaji wa mawe. Mwaka 1981 alikwenda Montreal kuuza vinyago vyake, akarudi na kamera ya video. Watu wa Igloolik walikuwa wameikataa televisheni kwa kura mara mbili katika miaka ya 1970, kwa kuwa haikuwa na neno la lugha yao. Mwaka 1990 Kunuk na wenzake wakaanzisha kampuni ya Isuma. Filamu ya Atanarjuat, ambayo maneno yake yote ni ya Kiinuktitut, ilitunukiwa Camera d'Or kule Cannes mwaka 2001.

Kunuk hakukomea kwenye ngano. Mwaka 2010, pamoja na Ian Mauro, alitoa filamu ya hali halisi ambamo wazee wanaeleza kwa lugha yao jinsi barafu na hali ya hewa zilivyobadilika. Mwaka 2016 akatoa Maliglutit, akiazima kisa cha filamu ya ng'ombe na bastola ya John Ford na kukihamishia thelujini, mtekaji na mtekwaji wote wakiwa Wainuiti.

Lakini lililoninyima usingizi ni jinsi Atanarjuat ilivyoandikwa. Paul Apak Angilirq, aliyefariki mwaka 1998 kabla ya kuiona imekamilika, aliwasikiliza wazee wanane wakiisimulia ngano hiyo, akazisuka simulizi zao kuwa moja. Katika ngano ya kale, shujaa huwaua maadui zake. Katika filamu, anainua rungu, kisha anasema mauaji yakome. Walithubutu kuubadili mwisho, ila lugha ya wazee waliishika kama amana.

Mimi nilifanya kinyume chake. Nikiwa kijana, niliiandika hadithi ya bibi yangu wa Pemba. Matukio yote niliyahifadhi, hata moja halikudondoka. Lakini aliposema "kuvyaa", niliandika "kuzaa", na mengine ya jinsi hiyo nikayasawazisha, nikidhani ninamtengenezea. Nilipomsomea, alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema: "Nzuri, mjukuu wangu. Kaisimulia nani?"

Nilicheka. Nilidhani uzee umemchezea.

Bibi ametangulia mbele ya haki, na sikuwa nimemrekodi. Tangu usiku ule wa khanga, nimelifungua tena daftari langu. Chini ya mistari ya kufutia, baadhi ya maneno yake bado yanasomeka. Ninayarejesha moja baada ya jingine, na pale nisipokumbuka ninaacha nafasi tupu, maana neno langu nimekwisha kuona halitoshi kuijaza.

Enyi washairi wenzangu, kama nyumbani kwenu yupo bado mtu wa kusimulia, mwendeeni. Na akisema neno msilolijua, msimsahihishe.