Siku Mama alipotembelea kanisa la vioo akiwa Kiyovu

Mwezi huu tumeomba nafasi kidogo katika kijarida chetu tuwasimulie jambo lililotupata Kigali, mtaa wa Kiyovu, mwezi wa 10 mwaka 2023. Zamani tulidhani ni habari ya nyumbani kwetu tu. Lakini kwa jinsi mambo yalivyokwenda baadaye, tumeona na wengine inawahusu.

Wengi mnamfahamu Mama. Ndiye yule mzee tuliyekuwa tunamshika mkono tulipohamishwa kutoka Gihembe kuja hapa Mahama mwaka 2021. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Mtu akipita mlangoni anauliza, "Huyo ni nani?" hata kama ni mjukuu wake aliyelala naye kitanda kimoja.

Tulipopata karatasi ya transfa kwenda kupasuliwa Kigali, sisi watoto tulifurahi. Mama hakufurahi. Alisema hakubali mtu amguse jicho kwa kisu. Tukabembeleza, tukaita na mchungaji. Mwishowe akatoa la moyoni: "Hiki kidogo ninachoona mkinipotezea, uso wa mtoto wangu wa kwanza sitauona tena mpaka nife."

Mtoto wake wa kwanza ni dada yetu mkubwa. Aliondoka mwaka 2017 na mume wake na watoto, wakapelekwa Marekani, jimbo la Arkansas, mji wa Fayetteville. Anafanya kazi kiwanda cha kuku. Alipoondoka, Mama bado alikuwa anaona. Uso aliobaki nao kichwani ulikuwa wa siku ile ya kuagana.

Tulimpigia Dada tukamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mpelekeni Kigali. Jumamosi kabla ya upasuaji nitaomba ruhusa kazini. Kuna mahali nataka niende na Mama." Tukacheka. Tutaendaje Marekani Jumamosi na kurudi Jumatatu kwa daktari? Akasema, "Nyinyi wekeni MB za kutosha."

Basi, ile Jumamosi tukatoka hospitali kumwandikisha Mama, tukaanza kutafuta mahali pa utulivu. Huko chini mjini ni kelele tupu za moto na mabasi. Tukapanda polepole kuelekea Kiyovu. Kwa ambao hamjafika, Kiyovu iko pale juu ya mji, barabara zina miti mikubwa pande zote mbili, nyumba zimejificha nyuma ya kuta na maua. Watu wa Kigali walikuwa wanasema kuna Kiyovu mbili, ya matajiri na ya maskini. Ile ya maskini ilibomolewa mwaka 2008, familia nyingi zikahamishiwa Batsinda. Iliyobaki ni hii ya miti na kimya.

Mama alichoka. Nyasi za pembeni ya barabara zimekatwa vizuri kama zulia, hatukuthubutu kuzikalia. Tukasimama mbele ya geti moja, tukijua muda si mrefu tutaambiwa tusogee. Zamu wa hapo akatoka. Alikuwa mzee mwenye koti refu. Akatuangalia sisi, akamwangalia Mama na fimbo yake. Akarudi ndani. Tukaanza kukusanya mifuko yetu.

Kumbe amekwenda kuchukua benchi lake. Akaliweka chini ya mti, akasema, "Mukecuru, karibu ukae." Hakuuliza tunatoka wapi wala hakuuliza kitambulisho.

Saa 11 jioni simu ikalia. Huko kwa Dada ilikuwa saa 4 asubuhi. Tukaona uso wake, nyuma yake miti yenye majani mekundu na ya njano, maana huko mwezi wa 10 majani hubadilika rangi kabla ya kuanguka. Mama hakuona kitu. Tukamwekea simu karibu na sikio.

"Mama, niko msituni," Dada akasema. "Tumeendesha gari saa moja na kitu. Mji unaitwa Eureka Springs. Sasa tunatembea kwa miguu katika njia ya miti, tunakwenda kanisani. Linaitwa Thorncrown. Nitakuambia kila kitu ninachokiona, wewe uniulize."

Akaanza. Kanisa lenyewe ni dogo: urefu mita 18 hivi, upana mita 7, lakini kwenda juu linapita mita 14. Sakafu ni ya mawe, na chini kabisa kuna ukuta mfupi wa mawe. Kuanzia hapo kwenda juu hakuna ukuta. Ni nguzo za mbao na vioo tu. Madirisha ni 425. Juu ya kichwa mbao zimepitana huku na huku, nyembamba, nyingi, mpaka jicho linapotea. "Mama, unakumbuka mianzi ya kwetu Masisi, ile ya juu mlimani, inavyoinama na kukutana katikati? Ni hivyo. Na mbao wamezipaka rangi ya kijivu, zinafanana na magamba ya miti ya nje. Nikikaa ndani sijui msitu umeanzia wapi."

Mama akauliza maswali yake. Mvua ikinyesha inakuwaje? Dada akasema maji yanateremka kwenye vioo, watu wanakaa kavu wakiangalia mvua. Wezi je? Akasema ndani hakuna cha kuiba, ni viti na Biblia. Nani anasafisha vioo vyote hivyo? Hapo Dada akashindwa, sote tukacheka, hata zamu wetu akacheka.

Kisha Dada akatueleza historia ya pale, na hii ndiyo iliyotufanya tuandike. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, jina lake Jim Reed. Alinunua ardhi ile mwaka 1971 ajenge nyumba ya uzeeni. Ardhi ina mahali pazuri pa kuona milima. Sasa wapita njia wakawa wanasimama, wanaingia kwenye shamba lake bila hodi, wanaangalia milima, wanakwenda zao. Mtu mwingine angeweka senyenge. Yeye akasema, kama watu wanapenda kusimama hapa, niwajengee mahali pa kukaa. Akamtafuta fundi wa kuchora majengo, E. Fay Jones, mtu wa jimbo hilohilo la Arkansas. Pesa zilimwishia kabla ya kumaliza, akahangaika mpaka akapata mkopo. Kanisa likafunguliwa tarehe 10 mwezi wa 7 mwaka 1980. Mwaka 1990 Jones akapewa medali ya dhahabu ya wachoraji majengo wa Marekani. Mamilioni ya watu wamepita pale. Dada alisema mlangoni hakulipa kitu, kulikuwa na sanduku la sadaka kwa anayetaka.

"Na jambo lingine, Mama. Hawakutaka kukata miti ili magari makubwa yapite. Kwa hiyo kila ubao uliokwenda kujenga ulikuwa wa kiasi ambacho watu wawili wanaweza kubeba kwa mikono katikati ya msitu. Hakuna ubao mkubwa zaidi ya huo."

Mama akapiga paja. "Hata ile ya kwetu Gihembe ilijengwa hivyo!" Kweli. Sisi tuliojenga Gihembe tunakumbuka miti na shitingi, mtu anashika huku, mwenzake anashika kule, tunapanda kilima. Hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani watu wenye gari na mashine wamechagua kujenga namna hiyo.

Baadaye Mama akasema, "Sasa nyamaza, mwanangu. Shika simu isitikisike, nisikilize hapo mahali."

Tukanyamaza wote. Upande wa Dada tulisikia viatu vya watu juu ya mawe, mtoto akikohoa, na ukimya mkubwa. Upande wetu ndege wa Kiyovu wakirudi kwenye miti na moto moja ikipanda kwa mbali. Mama akafunga macho, ingawa yalikuwa kama yamefungwa tayari, akaomba.

Tulitarajia ataombea macho. Hakuyataja. Alimwombea mwenye shamba ambaye watu walisimama kwake asiwafukuze. Halafu akaanza kutoka huko mbali, mwaka 1996, tulipokimbia Masisi. Akamwombea mwanamke mmoja, hata jina hatukulijua, aliyeturuhusu kulala kwenye migomba yake siku mbili na kutuletea viazi usiku majirani wasione. Akawaombea na waliotufukuza, akisema labda na wao waliogopa. Sisi tuliokuwa wadogo wakati ule hatukuwahi kusikia habari ya viazi. Mwishoni akamwombea "huyu baba wa benchi". Zamu alikuwa amevua kofia. Akasema Amina pamoja nasi, na Dada akasema Amina kule msituni.

Jumatatu Mama akaingia chumba cha upasuaji mwenyewe. Hakushikwa mkono na mtu.

Tuseme na hili kwa faida ya wenye wazee nyumbani. Mtoto wa jicho si ulozi. Ni lenzi ya ndani ya jicho inaingia ukungu, mara nyingi kwa ajili ya uzee. Dawa ya matone haiuondoi. Daktari anaitoa lenzi ile na kuweka nyingine ndogo ya bandia. Mama aliwekewa ganzi, alikuwa macho, akisikia manesi wakizungumza, na haikuchukua muda mrefu. Jicho la pili lilifuata baadaye. Msiwaache wazee wakae gizani kwa hofu.

Bandeji ilipotolewa tukamwonyesha zile picha za Dada kwenye simu. Akaishika karibu na pua, akaangalia muda mrefu sana. Tukasubiri aseme kitu cha maana. Akasema, "Mmenidanganya. Hamkuniambia kama mtoto wangu amezeeka." Akafuta kioo cha simu kwa kitenge kana kwamba ni vumbi.

Siku nyingine, tukiwa tumesharudi Mahama, akaomba tena picha ya kanisa. Akasema, "Ni zuri. Lakini hakuna mahali pa kujificha. Aliyejenga hivi hajawahi kukimbia." Tukafikiri hakulipenda. Kesho yake akaongeza, "Ama labda hivyo ndivyo watu wanapaswa kukaa."

Kesi yetu ya kumfuata Dada ilikuwa inakwenda vizuri wakati ule. Tulikuwa tumeshafanya mahojiano. Dada alikuwa amehesabu na viti: Mama atakaa huku mbele, nyinyi hapa, watoto pale. Tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, na safari yetu ikasimama hapo. Hatuko peke yetu, tunajua. Katika vijiji vyetu kuna waliokuwa wameshauza vyombo. Kuna waliokwisha agana na majirani, ikabidi wasalimiane nao upya kesho yake.

Siku ile habari ilipofika, hatukujua tutamwambia Mama vipi. Tulipomwambia, akauliza tu kama Dada ameshajua. Usiku tukamsikia analia, na sisi tukalia upande wetu, kila mtu akijifanya amelala.

Hatutaki kuwadanganya kwamba tumeyamaliza. Mama anazeeka, na Dada anazeeka kule. Lakini Mama anamwona. Kila Jumapili tukiwa na MB anamwona, anamgombeza kwa sababu amekonda, anauliza watoto wamekula nini. Kama angekataa kupasuliwa, angebaki na sauti peke yake.

Na kuna jambo moja dogo alilotuagiza. Nyumba yetu iko kwenye njia ya kutoka bombani. Kina mama wakipita na ndoo walikuwa wanasimama karibu na ukuta wetu kupumzika, na sisi, tuseme ukweli, tulikuwa tunakasirika kwa maji wanayomwaga mlangoni na kelele. Mama akasema, "Watu wanasimama kwenu, nanyi mnanung'unika? Tafuteni mbao." Tukapata mbao mbili na magogo, tukabeba watu wawili, tukatengeneza benchi. Halina kioo. Juu yake kuna mti mmoja tulioupanda wenyewe, bado haujatoa kivuli kizuri.

Lakini watu wanakaa. Mama anakaa nao mwishoni mwa benchi, na anayekuja hamuulizi tena "huyo ni nani". Anamwita kwa jina kabla hajafika.

Ukipita njia ya bomba, karibu ukae.