Barua kutoka Perth: Gari Refu Si Gari Laini



Nawaandikia ninyi, watu wa kwetu Migori na Homa Bay, kutoka Perth, magharibi mwa Australia. Ni Julai, baridi imetuingia mifupani, na mvua inakuja na upepo kutoka Bahari ya Hindi, bahari ileile inayopiga Mombasa, ila sisi tuko ng'ambo yake. Saa zetu zimewatangulia kwa saa 5. Mkinitumia ujumbe baada ya taarifa ya habari ya usiku, mimi nakoroma. Mkiamka kukamua ng'ombe, mimi nishamaliza chai ya saa nne na nina grisi hadi viwikoni.

Ujumbe wa siku hizi ni wa aina moja: pikapu. Shemeji wa Sori amepata Hilux ya kubebea samaki. Binamu wa Ndhiwa ana D-Max. Mwalimu mmoja wa Rongo ameachiwa na babake Land Cruiser na anataka ionekane kijana tena. Kwa kuwa mnajua nafanya kazi gereji ya springi na shokomzoba, nyote mnaniomba kitu kilekile: "Tutumie vifaa vya kuinua gari, vile virefu kabisa, tupite juu ya mashimo tusisikie kitu." Badala ya kumjibu kila mtu peke yake usiku wa manane, nimeona niwajibu wote kwa barua moja.

Kwanza mjue kwamba huku pikapu ni dini. Hilux iliongoza kwa mauzo ya magari mapya nchini Australia kila mwaka kuanzia 2016 hadi 2022. Wanaozileta kwetu ziinuliwe ni wa makundi mawili. Kuna wanaokwenda kaskazini kweli, kwenye migodi ya chuma ya Pilbara au barabara ya Gibb River kule Kimberley, kilomita 660 hivi, nyingi zikiwa za changarawe iliyojikunja mawimbi kama bati la nyumba. Halafu kuna wanaotaka gari liwe juu ili wamtazame jirani kutoka juu. Gari la kundi la pili utalikuta limeegeshwa dukani, matairi mapana, vumbi halina, mwenyewe akishuka kwa kuruka. Baada ya muda hurudi gerejini akishika kiuno: "Mbona linanirusha?"

Linamrusha kwa sababu alinunua urefu. Ulaini ni kitu kingine, nao huchaguliwa kwa njia nyingine.

Msimamizi wetu, mzee wa Kiaustralia asiyependa maneno mengi, hataji bei kabla ya kuuliza. Gari lina ngao ya chuma mbele? Lina winchi? Nyuma kuna tangi la pili, vifaa vya kazi, kreti? Vitu hivyo vinakaa kila siku au vinapanda Ijumaa na kushuka Jumatatu? Mteja akisema "sijui", mzee humwelekeza mizani ya malori, mbele apime peke yake na nyuma peke yake, kisha arudi. Wengine hukasirika. Wanaorudi na karatasi ya mizani ndio wanaotoka na gari zuri.

Sababu yake ni hii. Springi hubeba uzito. Shokomzoba haibebi chochote. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya shimo. Ndani yake kuna mafuta yanayosukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ule mruko hugeuka joto. Springi ikiwa ngumu kuliko mzigo, haikunjiki: shimo linapanda moja kwa moja hadi kitini. Ikiwa laini kuliko mzigo, inalala chini, gari linagonga mpira wa kizuizi, na hapo utasikia kishindo hata kwenye tuta dogo la Awendo. Ndiyo maana springi za Hilux ileile moja huuzwa kwa madaraja: za gari linalotembea tupu, za mzigo wa wastani usioshuka, na za mzigo mzito wa kila siku. Zote zinaweza kuinua gari kwa sentimita 5 zilezile. Ukichukua za mzigo mzito kwa sababu ni "imara zaidi", kisha ukaenda tupu kutoka Homa Bay hadi Mbita, utafika na meno yanauma.

Sasa tuje nyumbani. Shemeji, gari lako linaondoka Sori na barafu na mbuta, kisha linarudi tupu. Hilo ndilo tatizo gumu kuliko yote, maana ni magari mawili ndani ya moja. Hilux yako, kama D-Max ya binamu, ina springi za koili mbele na za mabamba nyuma, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Omba fungu la mabamba mengi membamba, sio machache manene. Mabamba membamba hukunjika kwa urahisi. Chini kabisa liwepo bamba moja nene lililonyooka, ambalo halifanyi kazi mpaka mzigo uteremshe gari. Ukirudi tupu, unakalia yale membamba. Ukipakia, lile nene linapokea. Omena kavu ni jambo jingine: magunia yanajaza gari hadi juu lakini uzito ni mdogo, kwa hiyo usimwambie fundi "najaza", mwambie kilo. Mfuko wa saruji ni kilo 50, pipa la maji la lita 200 ni kilo 200 bila kuhesabu pipa lenyewe. Hesabu kwa njia hiyo.

Binamu wa Ndhiwa, wewe unazungumzia inchi 4. Huku sheria kwa jumla inakuachia kuinua springi kwa sentimita 5, yaani inchi 2. Ukizidi hapo unatakiwa uje na hati ya mhandisi. Waliotunga sheria hawakukisia. D-Max mbele kila gurudumu linacheza peke yake, na injini inalifikia kwa shafti fupi. Ukiinua sana, shafti zinakaa mshazari, viungo vyake na boljointi vinakwisha haraka, matairi yanalika upande, na gari linapata moyo wa kupinduka kwenye kona. Udongo mweusi wa Lambwe hausamehe wakati wa mvua, najua, lakini kinachokutoa kwenye matope yale ni tairi zenye meno na mguu mtulivu kwenye mafuta. Inchi 2 zinatosha kulipitisha tumbo la gari juu ya mifereji ya matrekta ya miwa.

Jihadharini pia na njia za mkato. Kuna vipande vya chuma vya kuweka juu ya koili za mbele: gari linapanda, lakini springi ni ileile, na gurudumu linapoteza nafasi ya kushuka. Likiangukia shimo, shokomzoba inafika mwisho wake na kugonga. Kuna matofali ya chuma ya kuweka kati ya ekseli ya nyuma na springi. Kwa mwinuko mdogo si dhambi, lakini ya kuchomelea vichochoroni yakataeni, na mbele yasiwekwe kamwe. Na kuna ule mtindo wa kuongeza bamba lililokatwa kwenye springi ya lori. Gari linasimama kama jogoo, kisha linaendeshwa kama mkokoteni. Hata kupinda upya springi zilizolala kwa moto na nyundo hakudumu, kwa sababu chuma kikichemshwa ovyo hupoteza ule ugumu kiliopewa kiwandani, na baada ya msimu kinalala tena.

Shokomzoba ndizo watu wengi huziacha za mwisho, nazo ndizo zinazoamua kama utafika ukiwa mzima. Wiki jana nilifungua moja iliyotoka Kimberley. Nje rangi ilikuwa imebabuka kwa joto, vumbi jekundu limegandana na mafuta yaliyovuja, mpaka limekuwa kama ugali wa wimbi. Niliishika wima na kusukuma fimbo yake: ilishuka nusu bila kupinga, kisha ikakamata ghafla. Iliyo nzima hupinga kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Kwenye mawimbi ya changarawe fimbo hupanda na kushuka bila kupumzika, mafuta yanachemka, yanafanya povu, na povu halizuii kitu. Gari linaanza kuelea, dereva hajui kwa nini. Ndiyo sababu zile nzuri hutiwa gesi ya naitrojeni, kuyabana mafuta yasifanye povu.

Kuna za silinda moja na za silinda mbili. Za silinda moja hupoa haraka, lakini jiwe likibonyeza ganda lake, pistoni inaweza kukwama. Za silinda mbili zina ganda la nje linalopokea jiwe, ila huhifadhi joto zaidi. Kwa mwendo wa njia za ndani za Nyatike na Gwassi, mawe mengi, kasi ndogo, mimi ningechukua za silinda mbili, nene, zenye gesi. La muhimu zaidi: zilingane na springi kwa nguvu na kwa urefu. Springi mpya ndefu na shokomzoba ya zamani fupi ni ndoa ya wiki mbili.

Mwalimu wa Rongo, Land Cruiser yako itazame chini kwanza. Kama ni zile za zamani zenye mabamba mbele na nyuma, usitegemee itembee kama saluni. Zile za mfululizo wa 79, zilizotoka 1999, zina koili mbele, na ndizo zinazojaa kwenye migodi ya huku. Kabla hujanunua chochote, badilisha bushi zilizokufa, za mpira, si zile za plastiki ngumu: hizo hudumu lakini hupitisha kila mtikisiko na hupiga kelele. Paka grisi kwenye pini za springi. Huenda ukagundua gari halikuwa na ugonjwa mkubwa.

Wazee mtakumbuka Peugeot 504 zilivyotamba kwenye barabara zetu kabla ya lami. Hakuna aliyeziinua. Ulaini wake ulitokana na springi zilizokubali kukunjika sana na shokomzoba zilizozituliza, gurudumu likapewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Magari ya mashindano ya Safari Rally, ambayo dereva Joginder Singh wa Kericho aliyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976, yalifuata kanuni hiyohiyo: nafasi ya gurudumu kwanza.

Na dawa ya bei rahisi kuliko zote iko kwenye tairi. Madereva wa huku wakiacha lami husimama na kupunguza upepo, mathalani kutoka psi 36 hadi 28 kwa gari lisilobeba sana, na kasi wanaipunguza pia. Tairi laini humeza vijiwe kabla springi haijasikia. Wakirudi kwenye lami, hujaza tena kwa pampu ndogo inayotumia betri ya gari. Ukiwa na mzigo kamili usicheze na jambo hili, maana tairi lenye upepo mdogo na mzigo mzito huchemka na kupasuka.

Kuhusu kuwatumia vifaa kutoka huku, hapana. Springi ni chuma, nauli yake itawaumiza, na za Kiaustralia zinapatikana Nairobi. Nunueni kwa wakala mwenye risiti na dhamana, halafu mafundi wetu wa jua kali wafunge. Mikono yao naiamini. Waambieni tu wakaze bolti za springi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki, la sivyo bushi zinajipinda na kukatika mapema. Baada ya hapo gari lipelekwe likapangwe magurudumu kwa mashine, na bolti zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi.

Kwa hiyo pakieni magari yenu kama siku ya soko, yapimeni mbele na nyuma, kisha yapimeni tena yakiwa matupu. Niandikieni kilo hizo nne, pamoja na njia mnayopita mara nyingi. Atakayeniandikia inchi tu, sitamjibu.