Juu ya bahari, kule Luleå

Wengi kati yenu wameniuliza kama kweli nilitembea juu ya bahari. Ni kweli. Luleå ni mji wa kaskazini ya Uswidi, anakokaa mdogo wangu pamoja na Mama. Bahari ya kule ina chumvi kidogo sana, kwa sababu mito mingi inaingia ndani yake, na wakati wa baridi inaganda. Serikali ya mji inasafisha njia juu ya barafu. Wamama wanapita na vigari vya watoto, na magari yanakwenda mpaka visiwani. Nilivaa makoti mawili na kitenge ndani, na huo ulikuwa mwezi wa tatu, wenyeji wanasema baridi imepungua!

Miguu yangu ilikataa. Maji ninayoyajua mimi ni ya Tanganyika. Mwaka 1996, nikiwa na miaka minane, tuliyavuka usiku kutoka Baraka kwenda Kigoma, mtumbwi wa mota umejaa watu, Mama amemziba mdogo wangu mdomo asilie. Tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi. Nikarudi kwa meli, nikasoma ualimu Bukavu, nikapewa shule ya kijijini, nikakimbia tena mara mbili na madaftari ya wanafunzi mgongoni. Watu wakisema nimetembea sana, nacheka. Katika safari zote hizo sikuwahi kujua siku ya kurudi. Hii ya Uswidi ilikuwa ya kwanza yenye tarehe ya kurudi kwenye tiketi.

Mama alikuwa ametangulia, na miaka yake sabini na miwili, na viatu vyenye misumari chini. Akageuka: "Kanyaga tu, mwanangu. Ni sakafu."

Tulifika mahali ambapo unaona weupe tu. Hapo nikamuuliza lile nililotumwa na wajomba: atarudi lini? Alikaa kimya kwanza. Halafu akasema wajukuu wanasikia Kibembe lakini wanajibu Kiswidi. Yeye akiondoka, hata kusikia kutaisha. Tena kuna dawa za presha, ambazo huku kwetu tunanunua kidonge kimoja kimoja. Hatarudi.

Nilikasirika, nasema wazi. Mtu mzima azikwe katika udongo unaokuwa mgumu kama jiwe miezi mingi ya mwaka? Wajomba nao wamekasirika mpaka leo. Lakini mimi ni mwalimu, naona lugha inavyomtoka mtoto asiye na mtu wa kusema naye, na neno la kumpinga sikupata.

Alinituma jambo moja: kaburi la Baba. Maji ya mvua yamekula upande mmoja. Mifuko miwili ya saruji nimekwisha kununua. Mitihani ya mwezi wa sita ikiisha, nashuka Baraka. Mwenye kujua fundi mwaminifu kule aniambie siku ya mkutano wetu.