Bukavu: Watoto saba wa mbwa, mizani ya sambaza na chanjo isiyopenda joto

Tangu mbwa wangu Bijou azae, wakaaji wa kartie yetu hapa Ibanda hawaachi kunionyesha picha kwenye simu. Ni mbwa wa kijivu na nyeupe, macho ya buluu, masikio yamesimama. Husky. "Papa, ututafutie wa namna hii, tunataka wa kulinda parsele."

Ninawajibu wote jibu moja. Husky ni mbwa wa kuvuta sileji kwenye theluji. Walimfuga Wachukchi wa Siberia, na mwaka 1925 mbwa wa namna hiyo walivuta dawa ya dondakoo hadi Nome, kule Alaska. Manyoya yake ni tabaka mbili. Bukavu yetu ina ubaridi, ndiyo, tuko juu ya mita 1,400, lakini hapa hapageuki Siberia. Kisha Husky anapenda wageni kupita kiasi: mwizi akiruka ukuta usiku, atapokelewa kwa mkia. Anachotaka ni kukimbia mchana kutwa. Umfungie kwenye parsele zetu hizi za mteremkoni, atachimba, ataruka bati, atalia kama mbwa mwitu mpaka jirani aje kugonga mlango.

Bijou si wa picha. Baba yake ni mbwa wa Kijerumani, yule tunayemwita berje. Mama yake ni mbwa wetu wa kawaida wa mlimani. Akisikia hatua asizozijua, anabweka. Hiyo inanitosha.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Kuanzia siku ya 58 nilikuwa ninampima joto asubuhi na jioni, kwa sababu joto la mbwa likishuka chini ya 37, kuzaa hakupiti siku moja. Lilishuka siku ya Jumanne. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida, basi tulijaza maji ya moto katika bidoni mbili, tukazifunga vitenge, tukaziweka pembeni mwa sanduku. Watu wengi wanafikiri mtoto wa mbwa anakufa kwa njaa. Mara nyingi ni baridi. Wiki za kwanza hawezi kujipasha joto mwenyewe, na akiwa baridi hata maziwa aliyonyonya hayasagiki tumboni. Unamwona amelala kimya, unasema ametulia, kumbe anaondoka.

Walizaliwa saba. Mama watoto anauza sambaza sokoni, na mizani yake ndiyo iliyotusaidia. Kila asubuhi kabla hajatoka, tuliwapima mmoja mmoja na kuandika gramu kwenye daftari la mtoto wetu wa darasa la nne. Mwenye afya huongeza kila siku, na baada ya siku kumi hivi anakuwa mara mbili ya alivyozaliwa. Wa sita, jike mwenye doa kifuani, alikuwa haongezi. Tukawa tunamtanguliza peke yake kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, wengine wakingoja wakilia. Akashika.

Macho yalifunguka kwenye wiki ya pili. Wiki ya tatu nikawapa dawa ya minyoo kwa mara ya pili, na uji mwepesi na sambaza zilizopondwa. Bijou mwenyewe alikuwa anakula sehemu ya watu watatu. Nyumbani kwetu kulikuwa na maneno kuhusu sufuria hiyo, sitayaandika.

Wiki ya nne akaja mtu na dola mkononi, akitaka wawili papo hapo. Shule ilikuwa inadai franga za muhula. Nilikataa, na mama watoto hakunisemesha siku nzima. Lakini mtoto wa mbwa wa wiki nne bado anajifunza kwa mama na ndugu zake: akiuma sana, anaumwa naye, hapo anajua kipimo. Ukimtoa mapema, kipimo hicho atakijifunza kwenye mguu wa mtoto wako.

Wiki ya sita nikawapeleka kwa veterineri kwa chanjo ya parvo. Alifungua friji, akaifunga. "Papa, umeme ulikatika siku mbili. Chanjo hii inataka kati ya digrii 2 na 8. Siwezi kuwadunga maji na kukulipisha." Wachache wangesema hivyo. Tungoje siku tano, akasema.

Katika siku hizo tano parvo ilikuwa tayari kwenye avenyu yetu. Ugonjwa huo unatoka kwenye mavi ya mbwa mgonjwa, unaingia nyumbani kwa viatu, na unaweza kukaa udongoni miezi. Tuliweka beseni la maji ya javeli kwenye lango, wageni wakavua viatu, wengine wakacheka. Siku ya nne yule mwenye doa akaanza kutapika, kisha kuhara damu. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Unampa serumu maji yasimwishie, unangoja. Alikufa usiku wa tatu. Jirani alisema ni sumu. Wengine sita walidungwa chanjo iliyofika katika termosi yenye barafu, na wakarudiwa baada ya wiki tatu.

Wanne wameshaondoka, kila mmoja na kadi yake. Sharti langu ni kwamba akifika miezi mitatu mnunuzi ampeleke kudungwa ya kichaa cha mbwa, na mtu yeyote akiumwa na mbwa, awe wangu au wa njiani, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, maana dalili zikishaanza hakuna wa kumponya. Mnunuzi mmoja alikasirika, akasema anataka mbwa, si masomo, akaenda. Mama mmoja muuza makala wa Kadutu alipanda mlima na mbwa wake kikapuni siku ile ile tuliyopatana, tukaenda pamoja kwa veterineri. Amempa jina la Termosi.